MWILI UMEPONA, MOYO BADO UNATETEMEKA

Somo la wiki kwa vikundi vya nyumbani
Andiko la msingi: Marko 5:25–34
Soma pia: Waamuzi 6:36–40, Ayubu 2:11–13, Wagalatia 6:2, 1 Timotheo 5:23



Ukikaa kanisani miaka mingi unazoea aina mbili za ushuhuda. Kuna yule aliyekuwa mgonjwa, akaombewa, akapona. Huyo tunampigia makofi. Kuna yule ambaye bado anaumwa lakini ameshikilia imani. Huyo tunamtia moyo. Lakini kuna wa tatu ambaye hasimami kabisa, manake hajui aseme nini. Amepimwa, daktari amemwambia hana ugonjwa. Ameenda kwa daktari wa pili, jibu ni lilelile. Na bado saa nane usiku yuko macho, mkono uko kifuani, anahesabu mapigo ya moyo. Akisema ni mgonjwa, karatasi za hospitali zinamkana. Akisema ni mzima, moyo wake unamkana.

Somo la wiki hii ni lake. Na ni letu sote, kwa sababu namna tunavyomtendea huyu mtu kanisani inaweza kumsaidia, na inaweza kumzidishia. Naandika kama mtu ambaye kwa muda sasa nimekuwa nikikaa na watu wa namna hii kila Jumatano jioni hapa Shelly Beach, pamoja na dada mmoja wa kanisa aliyestaafu kazi ya uuguzi. Niliyoyaona huko ndiyo nataka tuyapime kwa Neno.

1. ALITETEMEKA BAADA YA KUPONA

Fungua Marko 5. Usisome haraka kwa sababu unaijua hii habari. Soma mstari kwa mstari.

Huyu mama amesumbuka miaka 12. Marko anasema amepita kwa matabibu wengi, amemaliza kila alichokuwa nacho, na badala ya kupata nafuu amezidi kuwa mbaya. Watu wa Likoni tunalijua hilo. Unauza friji, unauza kiwanja, jamaa wanachangishana kwa M-Pesa, na mwisho wa mwezi uko palepale.

Sasa angalia mpangilio. Mstari wa 29, damu inakatika, na yeye mwenyewe anajua ndani ya mwili wake kwamba jambo limekwisha. Mstari wa 33, mama huyohuyo anafika miguuni pa Yesu, na woga umemjaa hadi mwili unatikisika.

Umeona? Mstari wa 29 mwili umepona. Mstari wa 33 mtu bado anatetemeka. Kumbe ni vitu viwili tofauti!

Najua wengi hufundisha kwamba aliogopa kwa sababu ya sheria ya unajisi. Ni kweli, mwanamke wa hali yake hakutakiwa kugusana na watu, naye alikuwa amepenya katikati ya umati. Lakini hebu tujiulize swali jingine. Bwana alijua ameshapona. Mbona hakumwacha aende zake kimyakimya? Alisimamisha safari nzima, na Yairo amesimama hapo ana haraka, mtoto wake anakata roho. Bwana akangoja mpaka yule mama akaeleza habari yake yote mbele ya watu. Ndipo akamwita kama mzazi anavyomwita binti yake, akamruhusu aende kwa amani.

Uponyaji wa mwili aliupata kwa siri. Amani aliipata mbele ya watu. Andika hilo kwenye daftari lako, maana somo lote limesimama hapo.

2. HOFU HII INAVYOFANYA KAZI

Nitawapa mfano wa kijana mmoja fundi wa pikipiki. Amekubali nimtaje bila jina, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha asijulikane. Wengine nitakaowataja hapa ni vivyo hivyo.

Baba yake alifariki kwa saratani ya koo. Mwaka uliofuata, siku moja anakula, tonge likakwama kidogo. Mimi na wewe tungekunywa maji tukaendelea. Yeye akasema moyoni, "Imeanza." Kuanzia siku hiyo akawa anameza mate kila dakika kulijaribu koo. Anapanua mdomo kwenye kioo cha pikipiki ya mteja. Anajipapasa shingo mpaka ngozi inavimba, halafu uvimbe huo unamwogopesha upya.

Kipimo cha kwanza cha kamera kooni kilikuwa haki yake, kwa sababu ya historia ya baba. Kikatoka safi. Cha pili alikifanya kwa pesa za kodi ya nyumba. Cha tatu kilikula karo ya mtoto. Mke wake alipofunga mizigo kwenda kwao Kwale, koo la fundi lilikuwa zima kabisa. Kilichokuwa kinaumwa ni nyumba.

Sasa tuutazame huo mzunguko hatua kwa hatua, maana ukiujua umeshaanza kuukata.

Kwanza, mwili unatoa sauti. Kila mwili unatoa sauti: tumbo linanguruma, moyo unaruka pigo, kichwa kinagonga, mguu unakufa ganzi. Gari zima linalotembea lina milio.

Pili, akili inaitafsiri ile sauti. Haisemi "nimechoka," inasema "ni uvimbe kwenye ubongo."

Tatu, hofu inaingia, na hofu yenyewe ina dalili zake. Moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, jasho linatoka, vidole vinachomachoma, tumbo linaharibika. Hizo si dalili za kujifanya, ni za kweli. Basi aliyeogopa sauti moja sasa ana sauti sita.

Nne, anatafuta uhakika. Anajipapasa, anasoma kwenye simu mpaka alfajiri, anamuuliza mkewe, anakwenda kemisti, anapimwa tena.

Tano, anapata nafuu. Saa mbili, siku mbili, wiki moja.

Sita, swali linarudi: "Je, kama walikosea?" Na tunaanza tena nambari moja.

Ile hatua ya nne ndiyo mtego. Mtu anaona kama ndiyo dawa, kwa sababu inaleta nafuu. Lakini nafuu hiyo inaifundisha akili kwamba bila kuhakikisha huwezi kuwa salama. Mwaka 1986, wataalamu wawili wa Uingereza, Paul Salkovskis na Hilary Warwick, waliandika kuhusu wagonjwa wa namna hii na kuonyesha jambo hilohilo: kuhakikishiwa tena na tena hakuondoi hofu, kunailisha.

Tafadhali usimwite mtu huyu mwongo. Wala usiseme "anajifanya" au "anatafuta kuhurumiwa." Lile jina la zamani la kidaktari la hali hii lilikuwa limegeuka tusi, na mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kililiacha katika kitabu chao cha magonjwa, wakaweka majina mengine. Sisi tuseme tu wasiwasi wa afya, au hofu ya magonjwa. Inatosha, na haimdhalilishi mtu.

3. NGOZI YA GIDEONI

Waamuzi 6 tunaijua. Gideoni anaweka ngozi ya kondoo uwanjani. Anaomba asubuhi ngozi iwe na umande na ardhi iwe kavu. Mungu anafanya, maji yanajaa bakuli. Je, Gideoni alitulia? La! Usiku wa pili akaomba kinyume chake: ngozi iwe kavu, ardhi iwe na maji. Mungu akavumilia, akafanya tena.

Lakini ona, hakuna usiku wa tatu. Ishara mbili, halafu tarumbeta, halafu vita. Kama Gideoni angeendelea kuweka ngozi kila usiku, Wamidiani wangemkuta bado anakamua maji.

Yuko mwalimu mmoja katika kikundi chetu aliyeishi kwenye usiku wa tatu kwa miaka. Zamani, kabla hajaokoka, alifanya jambo lililomwacha na hofu ya virusi vya Ukimwi. Akapima, hana. Akangoja miezi mitatu kama alivyoelekezwa, akapima tena, hana. Hapo kitabibu jibu lilikuwa limekamilika. Lakini akaanza kupima Mtongwe, akapima Changamwe, akapima Ukunda, akibadilisha vituo ili wahudumu wasimtambue. Kila karatasi ilimpa usingizi wa siku nne. Ya tano anawaza: labda walichanganya chupa za damu.

Alipotueleza haya Jumatano moja, mama mmoja anayeuza mahamri akacheka mpaka machozi. Hakuwa anamcheka yeye. Alisema, "Mwalimu, mimi ni mashine ya presha. Napima mara ishirini kwa siku!" Na kicheko kile, wapendwa, kilifanya kazi ambayo karatasi kumi na moja hazikufanya.

4. MADHABAHU SI MAABARA

Hapa nataka niseme neno gumu kidogo, na nalisema nikiwa mmoja wenu ninayeamini kwamba Yesu anaponya leo.

Inawezekana mtu akaichukua hatua ya nne akaileta kanisani. Hatafuti daktari tena, anatafuta mtumishi. Jumapili anakuja mbele, anawekewa mikono, anashuka akiwa mwepesi. Jumatano hofu imerudi. Jumapili yuko mbele tena, maumivu yaleyale. Wa kwanza amemwombea, sasa anataka mchungaji mwenyewe. Mchungaji amemwombea, sasa anataka mgeni kutoka Nairobi, yeye ana upako zaidi. Kisha mtu anamwambia, "Imani yako ni ndogo." Mwingine anamwambia, "Hiyo ni roho ya mauti imetumwa kutoka kwenu." Sasa ana magonjwa mawili ya kuogopa, la hospitali na la kijijini!

Je, tuache kumwombea? Hasha. Lakini tuombe tofauti. Ombi la kusema "Bwana, nithibitishie tena kwamba sina kitu" ni ngozi ya usiku wa tatu. Ombi la kusema "Bwana, sijui kesho yangu, nisaidie kuishi leo nikiwa mikononi mwako" ni imani. Ombi la kwanza linadai cheti. La pili linamshika Mungu bila cheti. Mama yule wa Marko hakutoka pale na karatasi. Alitoka na neno la Bwana na watu waliomsikia.

Na tusisahau kwamba Maandiko hayafichi ugonjwa wa watakatifu. Timotheo alikuwa na tumbo la kumsumbua na maradhi ya mara kwa mara, na Paulo alimpa ushauri wa tiba (1 Timotheo 5:23). Hakumwambia ana imani haba. Ukiamini kwamba Mkristo wa kweli hapaswi kusikia maumivu popote, basi kila maumivu yatakuwa mashtaka, na utayaogopa mara mbili.

5. DAWA YA KUKAA PAMOJA

Wengine wataniuliza, hii habari ya watu kukaa duara na kuongea si mambo ya wazungu? Acha niwape historia, na mtashangaa ilianzia wapi.

Mwaka 1905 huko Boston, Marekani, daktari mmoja aliyeitwa Joseph Pratt alikuwa na wagonjwa wa kifua kikuu waliokuwa maskini. Hawakuwa na uwezo wa kulipia hospitali za mashambani ambako matajiri walipelekwa kupumzika. Kanisa moja, Emmanuel Church, likagharamia kazi hiyo. Pratt akawakusanya wagonjwa mara moja kwa juma. Kila mmoja alikuwa na daftari lake la kuandika hali yake ya kila siku. Walikuwa watu wa mataifa na madhehebu mbalimbali, lakini ugonjwa uliwaunganisha, na Pratt akaona kwamba kule kukutana kwenyewe kunawatia nguvu. Wanaoandika historia ya tiba ya vikundi huanza na darasa lile.

Miaka 25 baadaye, mwaka 1930, Pratt huyohuyo akaanzisha darasa jingine kwenye zahanati ya Boston Dispensary. Safari hii lilikuwa la watu wenye maumivu na malalamiko ya mwili ambao madaktari walikuwa wamewachunguza wasione ugonjwa wa kiungo chochote. Ndio hawahawa ninaowazungumzia leo. Hakuwafukuza, aliwakalisha pamoja.

Njoo sasa karibu na nyumbani, Uganda. Kusini-magharibi mwa nchi, wilaya za Masaka na Rakai, Ukimwi uliacha makaburi mengi na huzuni nzito. Wataalamu, akiwemo Paul Bolton na Lena Verdeli, walichagua vijiji 30. Katika baadhi yake watu wenye huzuni kubwa walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16. Wanawake na wanawake, wanaume na wanaume. Viongozi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliopewa mafunzo ya wiki mbili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Mwishoni, waliobaki na ile huzuni ya kiwango cha ugonjwa katika vijiji vyenye vikundi walikuwa asilimia 6.5. Katika vijiji visivyo na vikundi, asilimia 54.7.

Ile ilikuwa huzuni, sio hofu ya magonjwa, na mimi sichanganyi. Lakini inatufundisha kwamba mtu wa kawaida aliyefundishwa vizuri, katika kijiji cha kawaida, anaweza kuongoza duara la kuponya. Na Wagalatia 6:2 ilikuwa imeshatuagiza tubebeane mizigo kabla Boston haijajengwa.

6. TUNAVYOFANYA JUMATANO

Haja yetu ilijitokeza baada ya korona. Mnakumbuka Aprili 2020, Mombasa imefungwa, hakuna kutoka wala kuingia kaunti, kafyu saa moja jioni. Kila aliyekohoa kwenye feri alitazamwa kama muuaji. Watu walikuwa wananusa kitunguu kila asubuhi kuangalia kama pua bado inafanya kazi. Ugonjwa ulipungua. Kwa wengine, kunusa kitunguu hakukukoma.

Kikundi ni watu wanane hadi kumi, kwa wiki kumi. Tunaanza saa kumi na moja na nusu ili anayetoka kazini kisiwani apate kuvuka feri. Kabla ya kuingia, kila mtu awe ameshaonwa na daktari na kupimwa kwa kiasi kinachofaa. Hilo ni sharti. Halafu kuna sheria nne:

Kinachosemwa humu hakivuki mlango, hata kwa sababu ya "kuombea."
Hakuna kumpa mwenzako jina la ugonjwa.
Hakuna kuleta dawa, mwarobaini, wala namba ya mtumishi.
Hakuna kumhakikishia mwenzako kwamba hana kitu.

Hiyo ya nne huwashangaza wengi. Mbona tusimwambie mwenzetu "wewe ni mzima"? Kwa sababu ameambiwa mara mia. Badala yake tunamwambia, "Naona unaogopa. Niko hapa. Tusubiri pamoja." Rafiki za Ayubu walikosea mengi, lakini siku saba za kwanza walikaa naye chini wasiseme neno (Ayubu 2:13). Laiti wangeishia hapo!

Zoezi la kwanza ni la kuonja. Dada muuguzi humwambia kila mtu ameze mate mara kumi bila kupumzika. Kufikia ya sita, koo za watu wote zinakaza! Fundi wetu alituangalia, watu tisa wenye koo zima, wote wanalalamika koo. Akasema polepole, "Kwa hivyo ni mimi ninayelikaza." Aliambiwa na madaktari watatu asiamini. Aliamini kwa koo la jirani.

Zoezi la pili ni daftari, kama la Pratt. Andika dalili, andika uliyoiwaza, andika ulichofanya, na andika saa ngapi hofu ilianza kupungua.

La tatu ni kusubirisha. Ukitaka kujipapasa au kusoma kwenye simu, ngoja dakika kumi. Wiki ijayo, nusu saa. Kisha saa moja. Wakati wa kungoja, fanya kazi ya mikono au omba ile sala ya pili niliyoitaja juu.

Hapo ndipo ninapowapeleka ufukweni, maana hatuko mbali. Nawaambia waangalie maji. Maji yakijaa Shelly Beach hakuna anayekimbia na ndoo kuyarudisha. Mvuvi anajua yatapwa, na anafunga mtumbwi wake akingoja. Hofu nayo hujaa na kupwa ukiiacha. Lakini mtu ambaye kila mara amekimbilia kipimo hajawahi kuiona ikipwa yenyewe, basi anadhani haipwi. Daftari linamwonyesha: ilianza saa mbili, saa tatu kasoro imepungua, na hakupima kitu.

Mama wa mahamri presha anayo kweli, na dawa anakunywa kila siku. Mtu anaweza kuwa na ugonjwa halisi na bado hofu ikamzidi ugonjwa. Kikundi kilikubaliana naye apime mara moja tu asubuhi, ameketi, ametulia, aandike, basi. Mashine ikae kwa binti yake. Wiki ya kwanza alilia. Wiki ya tano alituletea mahamri na mbaazi akasema amelala usiku mzima.

Sitadanganya kwamba wote wamevuka. Mmoja aliacha wiki ya tatu. Mwalimu bado siku nyingine hufika mpaka mlango wa kituo. Lakini juzi alituambia alisimama pale, akageuka, akaenda kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Nawaambia, hiyo ni tarumbeta ya Gideoni.

7. USIIFUNGE NJIA YA HOSPITALI

Nisikilize vizuri hapa, asije mtu akasema kanisa limekataza kupima.

Katika kikundi kulikuwa na mama ambaye kila wiki alikuwa na ugonjwa mpya, na sote tulikuwa tumemzoea. Jumatano moja akasema, kwa sauti ya chini, kwamba ameona damu, na hedhi ilikuwa imekatika miaka mingi. Kwa jinsi tulivyomzoea, ilikuwa rahisi kumwambia asubirishe. Dada muuguzi akasimama hapohapo: "Hii si ya kusubirisha. Kesho asubuhi hospitali." Alienda. Kitu kilipatikana, kikiwa bado kidogo, akatibiwa. Yuko nasi.

Kwa hivyo shika haya. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, damu mahali isipotakiwa, kupungua uzito bila sababu, uvimbe mpya unaokua, maumivu ya kifua yanayobana na kwenda mkononi au tayani, kupooza upande mmoja au ulimi kuwa mzito ghafla: nenda hospitali, na hayo mawili ya mwisho nenda dakika hiyohiyo. Mwenye dawa za presha, sukari au virusi asiziache kwa sababu ya kikundi wala kwa sababu ya maombezi. Na chagua daktari mmoja, mkubaliane tarehe ya kurudi, badala ya kuzunguka kwa watano.

Na ikiwa hofu imekufikisha mahali huli, hulali, huendi kazini, au umeanza kuona afadhali kufa, hiyo imevuka kikundi cha kanisa. Katika eneo letu, hospitali ya Port Reitz kule Changamwe ina kitengo cha afya ya akili. Kwenda huko si laana, na tutakusindikiza. Mwaka 2020 jopo la serikali lililoongozwa na daktari Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa janga la taifa. Si wewe peke yako.

MASWALI YA KIKUNDI CHA NYUMBANI

1. Soma Marko 5:29 na 5:33. Ni lini ulipata jibu zuri lakini ukaendelea kutetemeka?
2. Katika ule mzunguko wa hatua sita, wewe unatafuta uhakika wapi zaidi: kwenye simu, kemisti, kwa mwenzi wako, au madhabahuni?
3. Je, kikundi chetu ni mahali ambapo mtu anaweza kueleza habari yake yote isifike sokoni kesho? Kama sivyo, tufanye nini?
4. Ndugu akikuuliza mara ya tano, "Unadhani nina saratani?" utamjibu nini kinachompenda bila kuilisha hofu yake?

Zoezi la wiki: chagua jambo moja unalolihakikisha kila siku. Lisubirishe dakika kumi, andika kilichotokea, uje nalo.

TUOMBE

Baba, wako katikati yetu waliopona na bado wanatetemeka, na wako wanaoumwa kweli na wanaogopa kwenda kuonwa. Wape wa kwanza watu wa kukaa nao, na wape wa pili ujasiri wa kuingia hospitali. Tupe masikio ya kusikiliza na midomo inayotunza siri. Siku zetu unazijua wewe; tufundishe kuishi hii ya leo. Katika jina la Yesu. Amina.

Mwenye kutaka kujiunga na kikundi kijacho cha Jumatano amwone mzee wa zoni yake baada ya ibada. Si lazima useme sababu mbele ya watu. Hiyo utaisema ukiwa tayari, ukiwa umeketi, na watu wanaoijua.

Mungu awabariki.